Nuru na Sufu

Nuru ni neema isiyoonekana kwa wepesi, maana ndiyo inayoonyesha vitu vingine vyote. Mtu huingia chumbani akaona kiti, meza, kitabu na uso wa mwenzake. Ni nadra kusema kuwa ameiona nuru. Hata hivyo sifa zake zimeenea katika kila lugha. Elimu huitwa nuru na ujinga huitwa giza. Mtoto mwema huitwa taa ya nyumba, na asiyejua njia husemwa kuwa yumo kizani. Kwa sifa kama hizi watu wamezoea kudhani ya kuwa nuru hutoa tu, wala haichukui. Dhana hiyo yafaa katika utenzi, lakini sufu haikubaliani nayo. Kitambaa cha sufu kilichotundikwa miaka mingi mkabala wa dirisha huonyesha hesabu ya upande wa pili: ya kuwa kila kinachoonekana hulipa kitu kwa kuonekana kwake, na malipo hayo hayarudishwi.

Kwanza neno lenyewe lataka kutengwa na jirani yake. Sufu ni manyoya ya kondoo. Sufi ni ile pamba ya mti wa msufi ijazwayo katika mito na magodoro. Tofauti katika matamshi ni irabu moja mwishoni, lakini katika maumbile vitu hivi viwili vimeachana kama mnyama anavyoachana na mti. Sufi imejengwa kwa selulosi, sufu kwa protini. Mwenye shaka na achome uzi mmoja wa pamba na mmoja wa sufu. Uzi wa mmea huwaka kwa haraka, hutoa harufu ya karatasi, na huacha jivu jepesi. Uzi wa sufu husita, hujikunja, huacha donge jeusi lipondekalo kwa vidole, na harufu yake ni ile ya nywele zilizoungua. Ufanano huo wa harufu una sababu yake. Sufu, nywele, kucha, pembe na kwato ni ukoo mmoja, na protini ya ukoo huo huitwa keratini. Kwa hiyo anayejifunza mambo yaipatayo sufu juani yuasoma kwa sehemu habari za kichwa chake mwenyewe.

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki waliijua sufu zaidi katika joho, neno litajalo kitambaa kizito cha sufu na pia vazi refu lililoshonwa kwa kitambaa hicho na kutariziwa shingoni na kifuani. Siku hizi jina hilo hilo hupewa vazi la mahafali, hata lishonwapo kwa nyuzi za kiwandani zisizojua kondoo. Jina limedumu kuliko kitambaa, na kitambaa chenyewe, kama itakavyoonekana, hakikuumbwa kudumu mbele ya jua.

Protini ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Katika unyuzi mmoja wa sufu ya kondoo wa merino, ambao unene wake huwa kiasi cha mikroni 15 hadi 24, minyororo hiyo haihesabiki kwa wingi. Imepangwa ndani ya seli nyembamba za katikati, na juu ya seli hizo yamelazwa magamba yanayolaliana kama vigae vya paa. Elimu ya mpango huo ilipatikana kwa sehemu kubwa katika mji wa Leeds, Uingereza, mji wa viwanda vya sufu. Hapo katika miaka ya 1930 William Astbury aliipitishia sufu miali ya eksirei, akaona ya kuwa unyuzi uliotulia hutoa alama moja na unyuzi uliovutwa hutoa alama nyingine. Alifahamu kwamba mnyororo wa keratini umekunjwa, na ukivutwa hukunjuka. Mwaka 1951 Linus Pauling na wenzake walieleza mkunjo wa namna hiyo kuwa ni mzunguko kama wa parafujo.

Katika mji huo huo wa Leeds, Archer Martin na Richard Synge walifanya kazi katika chama cha utafiti cha viwanda vya sufu. Tatizo lao lilikuwa kuzitenganisha asidi amino za sufu zilizochanganyika, na mwaka 1941 walitangaza njia mpya ya kutenganisha vitu vilivyoyeyushwa. Njia hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1952, na imetumiwa tangu hapo katika elimu ya dawa, ya chakula na ya damu. Wengi waliofaidika nayo hawajui ya kuwa chimbuko lake lilikuwa manyoya ya kondoo.

Mnyororo mmoja usingetosha kuwa uzi wenye nguvu. Kati ya mnyororo na mnyororo kuna madaraja, na yaliyo imara zaidi hutokana na sistini, asidi amino iliyo na atomu 2 za salfa zilizoshikana. Salfa, ambayo watu wa zamani waliijua kwa jina la kibiriti upele, huwa kiasi cha asilimia 3 hadi 4 ya uzito wa sufu safi. Madaraja hayo ndiyo yanayoirejesha sufu katika umbo lake baada ya kuvutwa, na ndiyo yanayoifanya nguo ya sufu kuvumilia miaka mwilini mwa mvaaji. Yapo pia katika minyororo hiyo vipande vingine ambavyo majina yao ni triptofani na tirosini. Ni vichache, lakini habari yote ifuatayo yawategemea hao wachache.

Sasa na itazamwe nuru. Mwaka 1800 William Herschel aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, akapima joto la kila rangi, na akakuta joto hata mahali palipopita wekundu, pasipo na rangi yoyote. Mwaka uliofuata, 1801, Johann Wilhelm Ritter wa Jena, Ujerumani, alitafuta upande wa pili. Alitumia kloridi ya fedha, unga mweupe ambao huwa mweusi ukipigwa na mwanga. Aliona ya kuwa unga huo ulisawijika kwa haraka zaidi nje ya urujuani, mahali ambapo jicho halikuona kitu. Hivyo ndivyo ilivyojulikana mionzi ambayo leo huitwa urujuanimno. Jicho la mwanadamu huona mwanga wenye mawimbi ya kiasi cha nanometa 400 hadi 700. Urujuanimno wa jua ufikao ardhini huanza karibu na nanometa 290 na kuishia 400. Ulio mfupi kuliko huo huzuiwa angani na ozoni. Kadiri wimbi lilivyo fupi ndivyo kila chembe ya nuru inavyobeba nguvu nyingi, na nguvu hiyo ikifika mahali panapoipokea huweza kukata kifungo cha molekuli.

Neno hilo la kupokea lina uzito. Nuru ipitayo tu katika kitu bila kupokewa haikidhuru. Hudhuru pale inapokutana na kipande kilichoumbwa kwa namna ya kuimeza. Katika sufu vipande hivyo ni triptofani na tirosini, pamoja na sistini yenyewe. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa sufu methali hiyo imekuwa kweli kwa herufi zake. Mwivi hutoka nje, lakini mlango hufunguliwa na wa ndani. Triptofani ikisha kumeza urujuanimno huingia katika hali ya fadhaa. Oksijeni ya hewani hushiriki. Huzaliwa vitu vikali vya oksijeni, ikiwemo haidrojeni peroksaidi. Na hatimaye triptofani hugeuka kuwa vitu vingine vyenye rangi ya manjano. Katika hivyo kimo kiitwacho kinurenini. Ndipo sufu iliyokuwa nyeupe kama maziwa huanza kufanana na pembe ya zamani.

Ubaya haukomi hapo. Vile vitu vya manjano vilivyozaliwa humeza mawimbi marefu zaidi kuliko mzazi wao, yaani huipokea nuru ambayo mwanzo ilikuwa ikipita bila kudhuru, nao huzidi kuzalisha vitu vikali vya oksijeni. Hasara huzaa mlango wa hasara. Tena sufu iliyolowa huharibika kwa haraka kuliko iliyokauka, hata mwenye kuianika juani fulana nyeupe ya sufu iliyofuliwa huiweka katika hali iliyo mbaya kuliko zote. Watafiti wa New Zealand, nchi ya kondoo, katika karne hii ya 21 wameivunja sufu iliyogeuka manjano katika vipande, wakavipima uzito kimoja kimoja kwa mashine, na kuonyesha mahali hasa katika minyororo ambapo triptofani na tirosini zimebadilika. Jambo lililojulikana zamani kwa jicho limekuwa sasa na anwani yake.

Manjano ni aibu ya uso. Yako mengine yanayoipata mifupa. Nuru hukata pia madaraja ya salfa. Sistini hugeuka kuwa asidi ya kisteiki, ambayo haiwezi tena kuunganisha mnyororo na mnyororo. Uzi hubaki na umbo lake, na mtazamaji haoni tofauti, lakini ukivutwa hukatika. Pazia la sufu lililokaa dirishani laweza kuonekana zima hadi siku linapofuliwa, na siku hiyo huachana kama karatasi iliyolowa. Wenye nyumba humlaumu mfuaji, na mfuaji huilaumu sabuni, ilhali mwenye kosa alikwisha kupita zamani kila asubuhi, akasifiwa kwa kuuchangamsha ukumbi.

Kazi hii huanza kondoo angali hai. Manyoya hukua kutoka ngozini, hivyo ncha ndiyo sehemu ya zamani na ndiyo iliyokaa juani muda mrefu; shina lililo karibu na ngozi limefunikwa na wenzake. Kondoo wa merino walifikishwa New South Wales mwaka 1797 kutoka Rasi ya Tumaini Jema, na katika malisho yale yenye jua kali wafugaji na wanunuzi walikuja kuijua sana sufu iliyochakaa nchani kabla haijanyolewa. Sufu kama hiyo ikitiwa rangi haiipokei sawasawa: ncha zilizoharibika hunywa rangi tofauti na shina, na kitambaa hutoka na mabaka. Mtia rangi mjinga huishtaki rangi. Mjuzi huuliza kondoo alilishwa wapi.

Hapa msomaji aweza kufikiri kwamba jua limekwisha kuhukumiwa. Hukumu bado, maana jua hilo hilo hufanya na kinyume chake. Urujuanimno huipa sufu umanjano, lakini mwanga wa buluu, ule wa mawimbi ya kiasi cha nanometa 400 hadi 460, huyavunja yale manjano na kuing'arisha sufu. Ndiyo sababu sufu iliyokaa nyuma ya kioo, ambacho huzuia sehemu kali ya urujuanimno na kuacha buluu ipite, huweza kuzidi weupe kwanza, na hali ile ile ikiwekwa nje wazi huwa manjano. Rangi inayoonekana mwishoni ni matokeo ya mashindano ya watendaji wawili walio katika mwali mmoja. Weupe huo walakini haumaanishi afya, kwa kuwa vifungo huendelea kukatika chini yake. Nguo yaweza kupendeza na kudhoofika kwa wakati mmoja, kama watu wanavyoweza.

Uko na mfano mwingine wa namna hiyo, na huu umetengenezwa na mikono ya watu. Kwa kuwa sufu kwa asili yake ina umanjano kidogo, viwanda viliona vema kuitia dawa ya kung'arisha, ambayo hupokea urujuanimno usioonekana na kuutoa tena kama mwanga wa buluu unaoonekana. Nguo hung'aa dukani kupita maziwa. Lakini dawa ileile, kwa kuwa kazi yake ni kupokea urujuanimno, huiharakisha sufu kugeuka manjano, na hasa ikiwa imelowa. Aliyetaka weupe uliozidi alipata umanjano uliowahi. Zimetafutwa dawa za kinyume chake, ambazo hupokea urujuanimno na kuugeuza kuwa joto dogo lisilo na madhara. Hizo huchelewesha uharibifu, na hutumiwa katika sufu ya viti vya magari na mapazia. Huchelewesha, haziondoi.

Maumbile yenyewe yana kinga yake. Sufu nyeusi na ya kahawia ina melanini, rangi ile ile iliyo katika nywele na ngozi za wanadamu. Melanini hupokea nuru kabla haijafika kwa protini, na hivyo hupunguza madhara. Walakini haifanyi kazi hiyo bure. Katika kuilinda keratini yenyewe huharibika, na ndiyo maana kondoo mweusi aliyekaa juani huwa na ncha za kahawia zilizopauka, na nywele za mvuvi ashindaye baharini hupoteza weusi wake. Mlinzi hulipa kwa rangi yake mwenyewe kile ambacho mlindwa angelilipa kwa nguvu zake.

Mambo haya yote yangekuwa ya wafugaji na wafuaji tu kama sufu isingebebeshwa kumbukumbu za watu. Lakini imebebeshwa. Katika jumba la Hampton Court, karibu na London, yako mazulia makubwa ya ukutani 10 yanayosimulia hadithi ya Ibrahimu. Yalifumwa Brussels katika miaka ya 1540 kwa ajili ya Mfalme Henry VIII, kwa nyuzi za sufu, za hariri na za madini yaliyopakwa dhahabu, na kila moja lina kimo cha karibu mita 5. Baada ya Mfalme Charles I kuuawa mwaka 1649, mali za ufalme ziliandikwa na kutiwa bei. Mazulia haya yalikadiriwa kuwa pauni 8,260, bei iliyopita ya kitu kingine chochote katika orodha ile. Leo anayeyatazama huona picha iliyofifia, yenye rangi za vumbi na kahawia.

Katika mazulia ya namna hii ya Ulaya majani ya miti aghalabu ni ya buluu. Mgeni hudhani kuwa hayo yalikuwa mawazo ya fundi. Fundi hakuwaza hivyo. Kijani kilipatikana kwa kuitia sufu buluu ya jamii ya nili, kisha manjano iliyotolewa katika mmea. Nuru ikaila manjano upesi na kuiacha buluu, ambayo ni sugu zaidi. Msitu uligeuka rangi polepole mbele ya vizazi vya watazamaji, wala hakuna kizazi kilichoona ukigeuka. Nyuma ya zulia, upande uliouelekea ukuta, rangi za kwanza huweza kukutwa zingali hai. Na hariri, ambayo nayo ni protini, huvunjika kwa nuru upesi kuliko sufu. Hivyo sehemu ambazo fundi alizipa hariri ili zing'ae, kama mwanga usoni mwa mtu au maji ya mto, mara nyingi ndizo zinazotangulia kupotea.

Mwaka 2009, zilipotimia miaka 500 tangu Henry kutawazwa, wageni wa Hampton Court walionyeshwa jambo la kustaajabisha. Mwanga wa rangi ulitupwa juu ya zulia moja kati ya yale ya Ibrahimu, kwa vipimo vilivyopangwa ili kila sehemu ionekane kama ilivyodhaniwa kuwa siku ilipotoka kwenye kitanda cha mfumi. Zulia halikuguswa kwa sindano wala kwa rangi. Taa ilipozimwa lilirudi katika ufifi wake. Nuru iliyoyaondoa yale marembo ndiyo iliyoazimwa kuyarudisha, na ikayarudisha kwa kadiri ya muda wa taa tu. Ufundi ule wastahili kusifiwa, na huo huo unafundisha mpaka wake: rangi yaweza kuigizwa, lakini kifungo kilichokatika ndani ya uzi hakiwezi kuungwa kwa kumulikwa.

Ni ajabu nyingine kwamba kipimo kinachotumiwa kupima uharibifu wa nuru ni sufu yenyewe. Wapimaji hutumia vipande 8 vya sufu vilivyotiwa rangi za buluu za namna 8. Cha kwanza hupauka kwa wepesi, na kila kinachofuata huhitaji nuru nyingi zaidi, kiasi cha mara mbili ya mwenzake. Vipande hivyo huwekwa kando ya kitu kinachochunguzwa, na kupauka kwao huwa ndiyo saa. Anayetaka kujua ni kiasi gani cha nuru kimeanguka juu ya zulia la kale huiuliza sufu changa iliyokaa karibu nalo.

Kwa vipimo kama hivyo majumba ya makumbusho yamejiwekea sheria. Kitabu cha Garry Thomson kuhusu mazingira ya makumbusho, kilichotolewa mwaka 1978, kilieneza kanuni ya luksi 50 kwa nguo na vitu vingine dhaifu, na urujuanimno usiozidi mikrowati 75 kwa kila lumeni. Siku hizi wengi huupunguza zaidi. Hesabu ya kanuni hiyo ni rahisi na yatisha. Luksi 50 kwa saa 3,000, yaani muda wa jumba kuwa wazi katika mwaka mmoja, ni luksi 150,000 za saa. Jua la adhuhuri lisilo na wingu hutoa kiasi cha luksi 100,000. Basi nguo ikitolewa nje kwa saa 1 na nusu tu, hupokea nuru iliyopimiwa mwaka mzima, na juu yake hupokea urujuanimno ambao jumba limeuchuja. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, ambako jua husimama juu ya utosi, sehemu hiyo ya urujuanimno ni kubwa zaidi kuliko ya London. Bandu bandu huisha gogo. Na hapa shoka halisikiki likigonga.

Mtu akisikia hayo huenda akasema: basi nguo na zifungiwe gizani. Rai hiyo ina sura ya busara, lakini haina mwisho mwema. Kitu ambacho hakionwi na yeyote kimehifadhiwa kwa ajili ya nani? Zulia la Ibrahimu lililofungwa daima kizani lingekuwa na rangi zake zote na lisingekuwa na kazi hata moja. Tena giza nalo lina wadudu wake, na unyevu wake, na kuzeeka kwake. Halimpi mtu milele. Wengine husema: na ionyeshwe wazi, kwa kuwa vitu vyote vina mwisho, na walio hai wana haki ya kuona. Rai hiyo ina ukarimu, lakini ni ukarimu wa kutoa mali ya mwingine. Watakaozaliwa hawakuulizwa.

Kati ya rai hizo mbili iko ya tatu, na sheria za urithi zinaijua vizuri. Mtunzaji wa nguo ya kale ni kama wasii wa mali ya yatima. Wasii hakukatazwa kutumia, maana yatima hulishwa na kuvikwa kwa mali ile ile. Amekatazwa kutumia kama mwenye mali. Hana budi kujua kilichopo, kiasi kinachotoka kila mwaka, na sababu ya kutoka kwake. Nguo ya sufu ina akiba ya nuru iliyo na kikomo. Kila saa ya kuonyeshwa huitoa akiba hiyo kidogo, na kulazwa gizani baadaye hakuirudishi, kwa kuwa sufu iliyokwisha kunyolewa haina mwili wa kuponya jeraha. Kupumzisha ni kuchelewesha matumizi tu. Basi swali lililo mbele ya mtunzaji ni la mgawanyo: kizazi hiki kichukue saa ngapi, na kiwaachie wengine ngapi? Jibu lake halimo katika kemia. Kemia hueleza bei, na wanunuzi ni watu.

Wanaofanya kazi hiyo kwa uaminifu hujulikana kwa matendo madogo. Huchuja urujuanimno kabisa, kwa kuwa jicho halihitaji kitu hicho hata chembe, na kukitoa si hasara kwa mtazamaji yeyote. Hupunguza mwanga unaobaki hadi kiasi ambacho jicho lililotulia laweza kuona. Huzima taa mgeni akitoka. Hubadili nguo zilizo ukutani kwa zamu, na huandika saa. Wageni wengi hunung'unika kwamba jumba lina giza, wakadhani ni ubahili wa umeme. Kama wangeelezwa ya kuwa giza lile ni sehemu ya wajukuu wao, huenda wangenyamaza na kutazama kwa bidii zaidi.

Pwani nako zilikuwako kanuni za aina hiyo kabla ya luksi kujulikana. Joho lilikuwa vazi la siku kubwa. Lilitolewa kashani kwa arusi na kwa sikukuu, likavaliwa, likakunjwa, likarudishwa. Sababu zilizotajwa zilikuwa heshima na bei, pamoja na hofu ya nondo. Nuru haikutajwa miongoni mwa maadui. Hata hivyo kasha lilizuia nuru, na desturi ya kuvaa kwa nadra ilifanya kazi ya wasii bila ya kuhesabu. Wazee walikuwa wamegawa saa za joho kwa haki: nyingi za giza, chache za kuonekana, na hizo chache zikatolewa mbele ya watu wengi kwa pamoja, katika siku iliyostahili.

Huo ndio mwongozo unaotoshea. Nuru haikupungukiwa na sifa kwa kujulikana kuwa ina bei. Neema yenye bei huthaminiwa kuliko ya bure. Mwenye kufungua dirisha na afungue, maana kitu kilifumwa ili kionwe. Lakini afungue akijua anachotumia, na kwa niaba ya nani. Na wakati dirisha li wazi, asiutazame ukuta kwa macho ya kupita tu. Sufu iliyo mbele yake inatoa kitu kisichorudi. Haifai itoe mbele ya mtu asiyetazama.